Ua wa Norfolk na Mwavuli wa Gujo



Katika kuzunguka matawini tumeulizwa mara nyingi: hao Waingereza na hao Wajapani, kabla ya viwanda, wakulima wao waliishi namna gani? Chuoni tulikosomea ualimu tulikaririshwa majina ya wafalme, lakini mkulima hakutajwa ila alipofanya fujo. Basi leo tumseme mkulima, na fujo yake pia.

Tuanze na Uingereza ya miaka ya 1500. Katika vijiji vingi vya katikati ya nchi mashamba hayakuwa na ua. Kila mtu alikuwa na vipande vyake vyembamba huku na huku, kimoja penye udongo mzuri, kingine penye mawe. Mwaka huu ngano, mwaka ujao shayiri au kunde, mwaka wa tatu shamba lilipumzishwa. Pembeni palikuwa na malisho ya wote, na hapo ndipo maskini alipopatia riziki: ng'ombe wake mmoja, bata bukini wake, kuni zake. Hayo hakupewa kwa huruma. Ilikuwa haki ya desturi, na baraza la kijiji liliijua.

Kule Japani, kuanzia 1582, Toyotomi Hideyoshi alipimisha mashamba, na mwaka 1588 akawanyang'anya wakulima panga zao. Askari wa mabwana wakahamia mijini penye ngome, kijijini wakabaki wakulima. Kodi ya mpunga haikudaiwa mtu mmoja mmoja, ilidaiwa kijiji kizima, na mara nyingi ilifika sehemu nne au tano katika kumi za mavuno. Jumbe na wazee waligawanya mzigo na kuandika daftari. Nyumba zilifungwa pamoja tano tano (tano, ndugu zangu, si kumi), ili mmoja akikosa wenziwe wajibu. Ilikuwa pingu, tusidanganyane. Lakini watu waliofungwa kamba moja hujifunza kutembea pamoja. Maji ya mfereji yaliwafunga vilevile, maana huwezi kulima mpunga huku unagombana na jirani aliye juu yako. Na kwa kuwa mifugo ilikuwa michache, walikata majani katika mlima wa kijiji wakayatia mashambani kuwa mbolea. Mlima huo ulikuwa wa wote.

Wala msidhani palikuwa na usawa. Asiye na shamba Japani aliitwa "mnywa maji", na katika mashauri ya kijiji sauti yake ilikuwa ndogo au hakuwa nayo kabisa. Uingereza nako vijana wengi walikwenda kuwa watumishi wa mwaka mzima katika nyumba za watu.

Sasa tuje kwenye dhuluma. Mwaka 1549, huko Norfolk, wakulima walibomoa ua za matajiri waliojitwalia malisho. Walipofika kwa Robert Kett, naye mwenye ardhi, hakuwafukuza. Aliungana nao kubomoa ua zake mwenyewe, akawa kiongozi wao. Maelfu walipiga kambi nje ya mji wa Norwich, wakaandika madai 29. Serikali ikaleta jeshi lenye askari wa kukodi kutoka ng'ambo, likawaua wengi, na Kett akanyongwa katika ngome ya Norwich.

Baadaye ua zilirudi kwa mlango mwingine, mlango wa Bunge. Kati ya 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kuzungushia ua kiasi cha eka milioni 6.8. Mwenye haki iliyoandikwa alipewa kipande. Aliyetegemea desturi tu mara nyingi alitoka mikono mitupu. Na mwenye kipande kidogo, gharama ya ua ikimshinda, alikiuza akaenda kutafuta mshahara. Kila mmoja alitolewa peke yake, kwa karatasi yake.

Huko Gujo, Japani, mwaka 1754, bwana Kanamori Yorikane alitaka kuacha kodi ya kiasi maalumu na kukagua mavuno kila mwaka, apate zaidi. Vijiji vikakataa. Waliandika hati, wakatia majina yao kwa duara kama mbavu za mwavuli, asijulikane nani wa kwanza. Wakapeleka shauri hadi Edo, mji ambao leo ni Tokyo, ingawa kumpelekea mkubwa malalamiko bila kupitia kwa bwana wako lilikuwa kosa kubwa. Shauri likaendelea hadi 1758. Viongozi wa wakulima waliuawa, nasi tusipite hapo upesi, maana walijua watakalolipata. Lakini bwana naye akanyang'anywa nchi yake, na wakubwa wa serikali waliomsaidia wakafukuzwa kazini.

Hata hivyo mlima wa kijiji haukusalimika Japani nako. Yalipokuja mageuzi ya kodi ya ardhi ya 1873, kila mwenye shamba alipewa hati yake na kodi ikalipwa kwa fedha. Milima mingi ya vijiji, kwa kukosa hati ya kuonyesha, ikaandikwa kuwa mali ya Serikali.

Mzee pale nyuma amenyosha mkono tangu tulipotaja malisho. Tumsikilize.