Mama Aliyepasuliwa Ainuke, Atembee, Ale

(Mafundisho kwa wamama wa kliniki)



Leo tutazungumza juu ya mama aliyezaa kwa kupasuliwa. Kati yetu wako waliopita njia hiyo, na wengine pengine wataipita. Munganga anapasua, anatoa mtoto, anashona, kazi yake inakwisha. Lakini kupona kunachukua majuma mengi, na kazi hiyo iko mikononi mwa mama mwenyewe na watu wa nyumba yake.

Kumbukeni binti Yairo, katika Marko sura ya 5. Yesu alimfufua, naye akasimama akatembea. Kisha Yesu akaagiza apewe chakula. Aliweza kufufua, lakini kazi ya chakula aliwaachia watu wa nyumba. Sisi nasi tufuate njia ile: kuinuka, kutembea, kula.

1. Kuinuka mapema

Mgonjwa akitaka kuketi, ndugu wanapiga kelele: «Lala, usiamuke, tumbo itapasuka!» Hapana, wamama. Nyuzi za munganga zina nguvu. Kulala bila kujigeuza ndiko kuna hatari: damu inatembea polepole katika miguu, inaweza kuganda, na kipande chake kikipanda mpaka mapafuni kinaweza kuua.

Basi, ganzi ikiisha, mama achezeshe nyayo, ajigeuze huku na huku. Kisha aketi ukingoni mwa kitanda. Kabla siku moja haijapita, asimame akishikwa mkono, atembee hatua chache. Kizunguzungu kikimshika, aketi, ajaribu tena baadaye.

Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndani sana mara 10. Akitaka kukohoa asizuie. Akunje kikwembe, akikaze juu ya kidonda kwa mikono miwili, ndipo akohoe. Dawa ya maumivu aimeze kwa saa yake, wala asione haya. Maumivu yakipungua, ataweza kutembea.

2. Kunyonyesha

Mtoto awekwe kifuani mapema, katika saa ya kwanza kama inawezekana. Maziwa ya kwanza ya manjano msiyamwage. Ni kinga ya mtoto. Tumbo likiuma, mama alale ubavu, mtoto mbele yake. Ao amshike chini ya kwapa, miguu ya mtoto ielekee nyuma. Hivyo hatapiga kidonda.

3. Kidonda

Mtu yeyote asiguse kidonda kabla ya kunawa mikono na sabuni. Kitambaa msikifungue mpaka muuguzi aseme. Kikiisha kuondolewa, mama aoge na maji safi na sabuni, akaushe bila kusugua. Msipake majivu, wala majani, wala mafuta.

Nawe mama mkwe, tunajua unapenda kumkanda mzazi tumbo na maji ya moto. Unafanya kwa upendo. Lakini huyu ana vidonda viwili: kimoja unakiona kwenye ngozi, kingine kiko ndani, kwenye kizazi. Ukikanda, utamwumiza ao utamwunguza. Maji hayo ya moto, upikie supu.

4. Chakula na kazi

Apewe sombe na ndagala, maharagi, mayai, matunda. Anywe maji mengi, juu ya maziwa na juu choo kisiwe kigumu. Vidonge vya damu alivyopewa avimalize.

Kwa majuma 6 asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Bido ya litri 20 ina kilo 20 za maji! Nani atachota? Nani atatwanga sombe? Baba na watu wa nyumba wajibu ulizo hilo mbele mama hajatoka hospitali. Lakini msimfanyie kila kitu. Aoge mwenyewe, achane nywele zake, ambadilishe mtoto nguo. Kazi hizo ndogo zinamrudishia nguvu na furaha.

5. Arudi hospitali upesi

Msingoje kesho mkiona moja ya mambo haya:

– homa ao kutetemeka;
– kidonda kinatoa usaha, kinanuka ao kinafunguka;
– damu nyingi inatoka chini, ao maji yenye harufu mbaya;
– mguu mmoja umevimba na unauma;
– pumzi inakatika, ao kifua kinauma;
– kichwa kinauma sana, macho hayaoni vizuri, ao anashikwa na degedege;
– mkojo unakataa, ao unatoka bila yeye kujua.

6. Mimba nyingine

Kovu la ndani linahitaji muda. Ingojewe angalau miaka 2 mbele ya kushika mimba tena. Baba na mama waje pamoja, tutawaonyesha njia za kupanga uzazi. Na mimba hiyo isizaliwe nyumbani. Uchungu ukiwa mkali, kovu linaweza kupasuka, na mama na mtoto wakafa wote wawili. Tangu kipimo cha kwanza useme: «Mimi nilipasuliwa.» Kama unakaa mbali, uje karibu na hospitali mbele uchungu haujaanza.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Kwa nini mama aliyepasuliwa asilale tu?
2. Kikwembe kinasaidia namna gani wakati wa kukohoa?
3. Nyumbani kwako, nani atachota maji majuma 6?

Mungu awape nguvu, ninyi na watoto wenu.