Ukaguzi wa Maduka ya Dawa

Dawa twaipokea kwa kumwamini aliyeitengeneza, maana macho yetu hayaoni kilichomo chupani. Mwaka 2012, huko Marekani, dawa ya sindano ya maumivu ya mgongo, iliyochanganywa katika duka moja la jimbo la Massachusetts, iliingia ukungu. Watu zaidi ya 750 waliugua, na zaidi ya 60 wakafa. Basi mwaka 2014 jimbo lile lilitunga sheria: wachanganyao dawa za namna hiyo wawe na leseni ya peke yake, na wakaguzi waingie pasipo kutanguliza habari. Nyumba ingojayo mgeni hufagiliwa. Ajaye ghafula huiona ilivyo kila siku. Mkaguzi wa namna hiyo ndiye jicho letu ndani ya chupa.