Hotuba juu ya Wanyama wa Visiwani, na Visiwa Vilivyo Katika Chai

Mtu asimamaye juu ya kilima karibu na mji wa Kericho huona chai imetandaa kama bahari ya kijani, na kando ya mito, hapa na pale, vipande vya msitu vilivyosalia. Humo hukaa mbega, wale kima weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni. Mbega akitaka kutoka kipande kimoja kwenda kingine hana budi kushuka chini na kupita katikati ya michai, penye mbwa, au kuvuka barabara yenye malori. Kwake yeye kipande kile ni kisiwa, ingawa Bahari ya Hindi iko mbali mwendo wa mchana kutwa kwa basi.

Jambo hili si mfano wa maneno tu. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Robert MacArthur na Edward Wilson, walitoa kitabu juu ya visiwa. Walionyesha ya kuwa kisiwa kikiwa kidogo, na kikiwa mbali na bara, huwa na aina chache za viumbe, na aina ikifa ni shida kupata nyingine ya kuja badala yake. Baadaye watu waliona kwamba habari hiyo hufaa pia kwa misitu iliyozungukwa na mashamba. Ndege dodo wa Mauritius, asiyejua kuruka wala kumwogopa mtu, wataalamu wengi husema alionekana mara ya mwisho mwaka 1662. Hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia.

Sasa yafaa kutazama kisiwa kilicho karibu zaidi. Pemba ina popo wake, ambaye hapatikani mahali pengine po pote duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa hupita futi tano, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Popo huyu huliwa, na zamani alikamatwa kwa namna za kienyeji. Zilipokuja bunduki, na miti mikubwa ilipozidi kukatwa, alipungua upesi, hata mapema katika miaka ya 1990 walikuwa wamebaki maelfu machache tu. Yamkini mtu angedhani dawa ni kuweka askari chini ya kila mti. Haikufanywa hivyo. Watu wa misitu wa Pemba, wakisaidiwa na chama cha Uingereza cha kuhifadhi wanyama na mimea, walikwenda mashuleni na vijijini wakaeleza mambo mawili: kwamba popo huyu ni wa Wapemba peke yao, na kwamba hutawanya mbegu za miti ya msituni. Vikaanzishwa vyama vya vijiji vya kulinda miti wanayolala. Kijiji cha Kidike, karibu na Chake Chake, kikaanza kupokea wageni wanaolipa ada kuja kuwatazama. Mnamo mwaka 2007 popo walikadiriwa kufika karibu 20,000.

Kisa cha kima punju wa Unguja kina mafundisho zaidi kwa mkulima, kwa kuwa hapo palikuwa na ugomvi wa kweli. Kima huyu mwekundu naye hapatikani ila Zanzibar. Jina lake lenyewe ni la chuki, kwani punju ni sumu. Ilisemekana ya kuwa mti anaoula hufa, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Karibu na msitu wa Jozani wenye minazi walimlaumu kwa kuwa hula nazi changa, na lawama hiyo haikuwa ya uongo, maana kweli huzila. Lakini je, huwatia hasara? Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker waliketi mashambani wakahesabu, nazi kwa nazi. Habari waliyoitoa mwaka 1999 iliwashangaza wengi: mahali kima walipokula nazi changa nyingi zaidi, mavuno hayakupungua, bali yalikuwa mengi zaidi. Yawezekana mnazi uliopunguziwa vitoto huwatunza vema waliobaki, kama afanyavyo mkulima apunguzaye mimea iliyosongamana.

Si kwamba manung'uniko yote yalikwisha. Mwenye shamba ana haki ya kuuliza kwa nini yeye alishe kima ili mwingine apate fedha za watalii, na swali hilo halijibiwi kwa hotuba. Kwa sababu hiyo sehemu ya ada ya Jozani ilianza kutolewa kwa vijiji. Barabara ipitayo msituni ikawekewa matuta, na vifo vya kima waliogongwa na magari vikapungua. Mwaka 2004 mahali hapo pakawa hifadhi ya taifa, na hesabu iliyotangazwa miaka ya karibuni ilionyesha kwamba kima punju wamepita 5,000, wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Mbega wa Kericho ni wa jamaa moja na kima punju. Wote hawana kidole gumba, na wote wana tumbo lenye vyumba kama la ng'ombe, jambo ambalo mfugaji wa Bomet atalifahamu mara moja. Chakula chao hasa ni majani. Hata hivyo, mahindi yakiliwa usiku wa kuamkia sokoni, husemwa tu kwamba ni “nyani,” na fimbo humwangukia ye yote aliye karibu. Wazee wa Kipsigis walikuwa na uangalifu zaidi: kila ukoo ulikuwa na mnyama wake, nao hawakumchanganya na mwingine.

Huko Diani, katika pwani ya Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya mbega hufunga madaraja ya kamba juu ya barabara, na mbega huyapita. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Lakini kabla ya kamba yafaa kujua wanavuka wapi, na hilo watoto wa shule waendao kwa miguu kila asubuhi hulijua kuliko afisa ye yote.

Mwalimu aweza kuwapa daftari moja. Waandike siku, mahali, na mnyama aliyeonekana: mbega, kima, tumbili au nyani. Na aliyepotewa na mahindi aandike mistari mingapi iliyoliwa, na aliyemwona akila ni nani. Baada ya mavuno mawili daftari hilo lisomwe barazani, mbele ya wenye mashamba na watu wa msitu.