Kumsikiliza Mtumiaji ni Kazi ya Uhandisi



Hoja yangu jioni hii ni moja. Katika kazi ya TEHAMA, kusikiliza, kuuliza na kueleza ni sehemu ya uhandisi kama ilivyo kuandika programu, na chuo kinachotoa shahada bila kupima stadi hizo kinatoa shahada pungufu. Najua tumezoea kuziweka kando: kozi ya mawasiliano mwaka wa kwanza, basi. Ndiyo maana naomba tuanzie hospitalini.

Ilikuwa Machi 1986, mjini Tyler, jimbo la Texas. Kituo cha saratani cha mji huo kilikuwa na mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa na AECL, shirika la umma la Kanada. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya kimitambo vya kuzuia dozi isizidi. Katika hii, kazi hiyo ilikabidhiwa kompyuta. Siku hiyo mwendeshaji mzoefu, mwenye mkono mwepesi, alichapa herufi ya eksirei badala ya ile ya elektroni. Akarudi juu, akasahihisha, akaendelea. Skrini ikamwonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Kisha mashine ikasimama na kutoa ujumbe mfupi: hitilafu 54. Kitabu cha mwongozo hakikueleza namba hiyo ina maana gani. Na kwa kuwa mashine ilikuwa na desturi ya kusimama kwa vijisababu, mwendeshaji alibonyeza kitufe cha kuendelea. Huko chumbani mgonjwa alikuwa anaungua.

Mafundi wa kampuni walikuja, wakapima, hawakuona kitu. Msimamo wao ukawa kwamba mashine haiwezi kuzidisha dozi. Ikarudishwa kazini, na tarehe 11 Aprili mgonjwa wa pili akaumizwa, akihudumiwa na mwendeshaji yuleyule, kwa ujumbe uleule. Wagonjwa wote wawili walifariki.

Hapo ndipo Fritz Hager, mtaalamu wa fizikia wa hospitali, alipofanya jambo ninalotamani kila mwanafunzi wetu ajifunze kulifanya. Aliisimamisha mashine, akaketi na mwendeshaji, wakaanza kuifuata upya kazi ya siku ile hatua kwa hatua. Mwendeshaji alikumbuka alivyofanya. Walirudia na kurudia mpaka wakaweza kuileta hitilafu 54 kila walipotaka. Kumbe siri ilikuwa kasi. Mtu akisahihisha ndani ya sekunde 8, wakati sumaku za mashine bado zinajipanga, programu haikuyatambua mabadiliko yake. Mhandisi wa kampuni naye hakuweza kulirudia kosa hilo hadi alipoelezwa kwamba lazima achape haraka.

Tafakarini maarifa yale yalikuwa wapi. Yalikuwa kwenye vidole vya mfanyakazi ambaye hakuwa mhandisi, na njia ya kuyafikia ilikuwa kumwamini na kumuuliza vizuri. Sisemi kwamba usikivu peke yake ungetosha. Kosa lilikuwa ndani ya programu, na vizuizi vile vya kimitambo havikupaswa kuondolewa. Lakini kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine za aina hiyo ziliwazidishia dozi wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada, na baadhi ya hospitali zilizolalamika mwanzoni zilijibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Mtaalamu anayejibu hivyo kabla hajauliza amekosea kitaalamu, wala tusimhesabu kuwa amekosa adabu tu.

Usikivu haufichui makosa pekee. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya mwaka 2005, lengo likiwa kuwawezesha wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kupokea na kulipa mikopo kwa simu. Waliosimamia majaribio walifuatilia watu wanavyoitumia hasa, wakakuta wanatumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilitangazwa kuwa ya kutuma pesa nyumbani. Lengo la kwanza liliwekwa pembeni, na nadhani uamuzi huo ulihitaji ujasiri zaidi kuliko msimbo wowote ulioandikwa.

Huku kwetu usikivu una ugumu wake. Kijana akimwonyesha mzee mfumo mpya kisha akamuuliza kama ameelewa, mzee atasema ameelewa, kwa sababu hataki kumvunja moyo kijana wala kuaibika mbele yake. Karani wa dirishani naye huiambia foleni kwamba mtandao unasumbua. Ukikaa naye asubuhi nzima utagundua kwamba mtandao ni mzima. Kinachosumbua ni fomu inayolikataa jina lenye ng' kwa sababu ya kile kialama cha juu, au inayodai siku na mwezi wa kuzaliwa kutoka kwa bibi anayeujua mwaka tu. Makosa hayo ni ya kihandisi na yanatibika kwa siku moja, ila hayatafika kwa mhandisi asiyejua kuuliza. Mwanafunzi wangu, usimuulize mtu kama ameelewa. Mwambie, "Nionyeshe unavyofanya," kisha uondoe mikono kwenye kibodi, unyamaze, hata akikosea.

Wenzangu watasema madarasa yamejaa na wahadhiri ni wachache. Ni kweli. Basi tuanze na miradi ya mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi awasilishe, pamoja na programu yake, daftari la aliyoyaona na kuyasikia kwa watu watakaoitumia, na aeleze alibadilisha nini kwa sababu yao. Siku ya kutetea mradi, mmoja wa watu hao aketi pamoja na watahini, alipwe nauli na posho kama mtahini mwingine, aitumie programu bila kusaidiwa na mtu. Napendekeza alama 30 kati ya 100 zitokane na yatakayotokea hapo, na nitawasilisha pendekezo hilo kwa maandishi mbele ya Seneti ya Chuo.