Wodi Ndiyo Darasa: Tunachosahau Tukijadili Madaktari Wanagenzi

Haya niliwaambia wenzangu wa sayansi ya siasa wiki hii, nikaona niyalete hapa. Kama kawaida, hatutaji chama wala mwanasiasa.

Kila madaktari wanagenzi wakilalamika, sisi hubishania pesa. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulichukua siku 56, na swali kubwa likawa: mwanagenzi alipwe takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, kulingana na makubaliano ya 2017, au 70,000 kama serikali ilivyotaka? Hoja halali. Lakini keti na wanagenzi wenyewe, utasikia jambo jingine: jinsi walivyofundishwa chuoni.

Mwanagenzi tayari ana shahada ya udaktari. Anafanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kupewa leseni kamili. Niliozungumza nao hawasemi hawakusoma. Wanasema walisoma sana, wakashika kidogo. Wanafunzi kumi na zaidi wanazunguka kitanda kimoja. Wa mbele anampima mgonjwa, wa nyuma anachungulia. Tena walizoea hospitali ya rufaa, bingwa yuko karibu na mashine zipo. Halafu mtu anapelekwa hospitali ya kaunti. Ni usiku, mashine imeharibika, bingwa anapatikana kwa simu tu. Hapo ndipo anagundua hakufundishwa kuamua bila vipimo.

Sasa siasa iko wapi? Iko hapa. Vyuo vikuu viko chini ya Wizara ya Elimu. Hospitali nyingi, tangu ugatuzi uanze 2013, ziko chini ya kaunti. Anayewagawa wanagenzi hospitalini ni Wizara ya Afya. Mtoto mmoja, wazazi watatu, na kila mzazi anadhani mwenzake ameshampikia.

Kwa daktari, wodi ndiyo darasa. Ukikata bajeti ya hospitali, umekata ya masomo pia. Ukiongeza wanafunzi bila kuongeza vitanda na wakufunzi, umeongeza msongamano kwa kitanda kilekile. Na anayelipia pengo hilo ni mgonjwa, si chuo.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu na ahadi ya chuo kipya cha udaktari, msipige makofi haraka. Muulizeni: wanafunzi hao watajifunzia wodi gani, na usiku atawasimamia nani?

Leteni maoni, ila matusi hapana.