Bomba la Wote Litunzwe na Wote
Mazungumzo kwa wanachama na halmashauri za vyama vya msingi



Bomba la mkono la kijiji haliharibiki kwa siku moja. Kwanza mpini hulegea. Kisha mwenye kuteka hulazimika kuusukuma mara kumi ndipo maji yatoke, hali zamani zilitosha mara tatu. Kila mama afikaye na ndoo yake huiona dalili hiyo, na kila mmoja hudhani kwamba jirani yake amekwisha kutoa habari. Maji yanapokatika kabisa, ndipo watu hukusanyika na kuulizana ni nani mwenye dhamana. Swali hilo likiulizwa siku ya ubovu, limekwisha kuchelewa.

Yafaa ikumbukwe jinsi mazoea hayo yalivyoanza. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha yake ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Serikali ilibeba gharama za ujenzi na za matengenezo, na mwanakijiji alipata maji bila malipo. Nia ilikuwa njema, na visima vingi vilichimbwa. Hata hivyo shabaha haikufikiwa, na mitambo mingi ilisimama kwa kukosa mafuta, vipuri na mafundi. Fundi alikaa wilayani, na gari la kumleta lilikuwa huko huko. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tena mwanakijiji ambaye hakushirikishwa aliliita bomba hilo "la Serikali", akangoja Serikali ije ilitengeneze. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iligeuza utaratibu huo: watumiaji wa maji vijijini ndio wamiliki na wasimamizi wa miradi yao, na gharama za uendeshaji na matengenezo ni juu yao.

Je, wenyeji waweza kazi hiyo? Mfano uko karibu. Katika Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, bomba la mkono liitwalo Afridev lilijaribiwa na kuendelezwa katika miaka ya 1980 kwa kusudi la kutengenezwa na wanakijiji wenyewe. Hufunguliwa kwa spana moja. Pistoni yake na vali ya chini huvutwa juu kwa kupitia ndani ya bomba la kupandishia maji, pasipo haja ya kung'oa bomba lenyewe. Kamati za visima ziliundwa, wanawake wakafundishwa kubadilisha mipira iliyolika, na wenyeji wakachanga fedha za vipuri. Kazi iliyokuwa ikingoja gari na winchi ikawa kazi ya majirani.

Lakini wepesi wa chombo hautoshi. Mpira wa pistoni, ingawa ni mdogo, lazima ununuliwe. Kwa hiyo kila kundi la majirani wanaotumia bomba moja halina budi kuwa na mambo matatu: mtu anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kulikagua bomba kila juma, fedha zilizochangwa kabla ya ubovu, na hesabu inayosomwa mbele ya wote. Mambo hayo si mageni kwa mwanaushirika. Huyajua kwa majina ya daftari, stakabadhi, ukaguzi na mkutano mkuu.

Katika mambo hayo, la fedha ndilo huvunja ujirani. Wako wasiolipa kwa kuwa hawana, na wako wasiolipa kwa kuwa hawataki. Kuwaweka katika fungu moja ni dhuluma. Bibi kizee asiye na mtu wa kumsaidia akinyimwa maji, mjukuu wake atakwenda dimbwini. Na kipindupindu kikiingia katika nyumba hiyo, hakitauliza ni jirani yupi aliyelipa na yupi asiyelipa. Mtu kama huyo asamehewe kwa uamuzi wa mkutano, ulioandikwa katika muhtasari, wala si kwa huruma ya siri ya mweka hazina. Mwenye nguvu lakini asiye na fedha aweza kutoa kazi: kuzibua mfereji wa maji yamwagikayo, au kurekebisha uzio unaozuia mifugo. Ama mwenye uwezo anayekaidi, shauri lake liamuliwe mbele ya majirani kwa kanuni walizozipitisha wenyewe, si kwa kufuli litiwalo usiku na mwenyekiti mwenye hasira.

Kanuni hiyo iwabane viongozi pia. Fedha za mfuko zikikopeshwa kwa siri hata mara moja, michango ya mwezi unaofuata haitatoka, na hapana hotuba itakayoirudisha. Majirani huvumilia bomba bovu kwa muda mrefu kuliko wanavyovumilia daftari bovu.

Chama cha msingi chaweza kusaidia pasipo kuunyang'anya mtaa dhamana yake. Ghala lake laweza kuweka mipira na beringi za akiba, na gari linaloleta pembejeo laweza kuleta vipuri hivyo. Lakini fedha za maji zisichanganywe kamwe na fedha za mazao, hata msimu uwe mgumu namna gani. Aidha, kamati ya bomba isifanye kazi peke yake. Nchini Tanzania, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndio wenye wajibu wa kusimamia vyombo vya jamii vinavyotoa huduma ya maji vijijini. Kamati ijiunge na utaratibu huo ili ubovu uwazidipo wenyeji, wajue mahali pa kupeleka shauri lao.

Basi kila halmashauri, kabla haijafunga mkutano wake ujao, na iulize swali moja kwa kila bomba lililo katika eneo la chama: mpini ukianza kulegea kesho asubuhi, ni nani atakayeambiwa, na ana shilingi ngapi mkononi? Palipo na jibu, wanawake wa mtaa huo watateka maji jioni. Pasipo na jibu, bomba hilo limekwisha kuharibika, ijapokuwa leo bado linatoa maji.