Hodi ya Usiku: Haki ya Kujilinda na Hatari ya Kumdhania Mgeni Mwizi

Mada iliyotolewa na Ofisa Sheria wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata



Nimeombwa nizungumzie haki ya mwenye nyumba kujilinda, na ninajua ombi hilo lilikotoka. Tangu mavuno yaanze maghala yamevunjwa na mbuzi wameibwa. Katika kikao kilichopita lilitolewa pendekezo, likapigiwa makofi, kwamba mtu yeyote atakayekutwa uani mwa mwenzake baada ya saa nne usiku apigwe kwanza, aulizwe baadaye. Nimekuja kulipinga pendekezo hilo. Hata hivyo sitaanza kwa kuwaambieni kwamba hamna haki, kwa maana mnayo.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake, na kutetea mali anayoimiliki kihalali. Haimtaki mwenye nyumba akae kitako akitazama mlango wake ukivunjwa. Lakini inamtaka atumie nguvu ya kadiri, yaani ile inayohitajika kuuzuia uovu uliopo mbele yake, isizidi hapo. Anayezidisha nguvu na kuua akijitetea ana hatia ya kuua bila kukusudia, na adhabu ya kosa hilo yaweza kufika kifungo cha maisha. Aliyekwisha kutupwa chini na kufungwa kamba hamtishii mtu tena; anayeendelea kumpiga hawezi kusimama mahakamani akasema alikuwa anajitetea.

Je, aliyekosea? Aliyemdhania shemeji yake kuwa jambazi? Sheria inalitambua jambo hilo pia. Mtu aliyetenda kwa imani ya dhati na yenye sababu za msingi, ingawa imani yenyewe haikuwa sahihi, hupimwa kana kwamba mambo yalikuwa hivyo alivyoamini. Wengi hushika nusu ya kwanza ya kanuni hii wakaiacha ya pili. Hofu peke yake haitoshi kuwa sababu ya msingi. Utaulizwa: ulimwona? Ulimwita? Alijibu nini? Alishika nini mkononi? Zaidi ya hayo, kanuni hii inakupeleka mpaka pale tu ambapo ungekuwa kama mtu yule angekuwa mwizi kweli. Na mwizi wa debe la mahindi anayekimbia, hata akiwa mwizi wa kweli, sheria haijakuruhusu umkate panga.

Niwapelekeni mbali kidogo, kwa sababu huko mambo haya yalichunguzwa hadharani mpaka mwisho.

Tarehe 17 Oktoba 1992, katika mji wa Baton Rouge, jimbo la Louisiana, Marekani, kijana wa Kijapani mwenye umri wa miaka 16, aliyekuwa huko kwa masomo ya kubadilishana wanafunzi, alialikwa kwenye sherehe. Yeye na mwenzake, mtoto wa familia iliyomkaribisha, walikosea nyumba. Waliyoiendea ilikuwa mtaa ule ule, na namba yake ilifanana na ile waliyoitafuta. Walipiga kengele. Mama mwenye nyumba alichungulia kwa mlango wa pembeni, akashtuka, akaufunga, akamwambia mumewe achukue bunduki. Mume alitoka na bastola kubwa. Yule kijana, akidhani amefika, alimsogelea kwa furaha akieleza kwamba wamekuja kwenye sherehe. Mwenye nyumba alimwamuru asimame kwa neno moja la Kiingereza ambalo maana yake ya kawaida ni kuganda kwa baridi. Kijana hakusimama. Alipigwa risasi moja ya kifua. Mkononi alikuwa na kamera.

Mei 1993 baraza la wazee wa mahakama lilimwona mwenye nyumba hana hatia ya jinai. Mwaka uliofuata, katika kesi ya madai, jaji aliamua kwamba wazazi wa marehemu walipwe fidia ya zaidi ya dola 650,000, kwa kuwa hapakuwa na haja ya kutumia silaha. Wazazi hao walikusanya nchini Japani saini zaidi ya milioni moja kuomba Marekani ipunguze silaha majumbani. Mimi, kila ninapoisoma habari hii, husimama kwenye ule mlango uliofungwa. Mke alikuwa ndani, mume ndani, watoto ndani, na simu ilikuwamo. Hatari yoyote iliyokuwapo ilikuwa imebaki nje. Mauti yalitokea kwa sababu mlango ulifunguliwa tena.

Kesi ya pili ni ya bara letu. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, jijini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, ndani ya nyumba yake. Nyuma ya mlango alikuwamo mchumba wake, Reeva Steenkamp, aliyelala hapo usiku ule kama mgeni wake. Pistorius alisema alidhani mwizi ameingia kwa dirisha la bafuni. Kwa maelezo yake mwenyewe alimpazia Reeva sauti apige simu polisi, hakusikia jibu, na bado hakuhakikisha yuko wapi. Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufani ya Afrika Kusini ilibadili hukumu hiyo kuwa ya mauaji. Ilisema kwamba anayefyatua risasi nne kwenye chumba kidogo kama kile anajua kuwa aliyemo anaweza kufa, awe nani. Kifungo kilifikia miaka 13 na miezi 5. Sheria ya Afrika Kusini haifanani na yetu katika kila kipengele, lakini swali lililomshinda Pistorius, la ni nani aliyeko nyuma ya mlango, ndilo litakaloulizwa katika Mahakama Kuu yetu.

Ndugu wananchi, wazee wetu walikuwa na ulinzi ambao wala haukuwa panga. Mtu hakukanyaga uwanja wa mwenziwe bila kupiga hodi, na hodi ilipigwa kwa sauti, kutoka mbali, ili mwenyeji aitambue sauti kabla hajaiona sura. Waislamu hufundishwa kuomba ruhusa mara tatu, na asiyejibiwa arudi. Mwenyeji naye alijibu, au aliuliza, "Nani?" Siku hizi tumejenga kuta, tumeweka mageti ya chuma, na mgeni anagonga bati bila kusema neno kisha anasubiri. Mwenye nyumba anasikia chuma kikilia gizani. Hapo hofu huanza.

Wageni wa usiku nao wameongezeka. Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na mtu anaweza kushuka stendi saa nane za usiku akiwa na begi mgongoni, simu imezimika, akitafuta kwa shangazi yake alikofika mara ya mwisho akiwa mtoto. Chini ya pendekezo la kikao kilichopita, huyo apigwe. Apigwe pia mzee aliyepoteza kumbukumbu, ambaye hutoka usiku akitafuta nyumba iliyobomolewa zamani. Vilevile kiziwi, ambaye hata akiitwa mara kumi hatajibu. Mlevi wa jirani, sina hamu ya kumtetea, ila naye ana watoto.

Na likishapigwa yowe la "Mwizi!", anayefika wa kumi hajui alichokiona wa kwanza. Anapiga kwa kuwa wengine wanapiga. Kisheria kila mmoja aliyeinua mkono anaweza kushtakiwa kwa mauaji, naye hataokolewa na hoja kwamba walikuwa wengi. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Namba ya dharura ni 112.

Badala ya pendekezo lile naomba kikao kipitishe haya. Anayetarajia mgeni wa usiku amjulishe mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili, na mgeni aelekezwe kupiga hodi kwa kutaja jina lake na jina la mwenyeji. Mwenye nyumba asifungue mlango gizani. Awashe taa, aulize akiwa ndani, na kama hajaridhika apige simu kabla ya kutoka. Familia zenye mgonjwa anayetangatanga zijulikane kwa walinzi wa ulinzi shirikishi. Doria ziwe na tochi, filimbi na kiongozi mmoja anayetambulika, kwani doria isiyo na kiongozi ni kundi tu la watu wenye marungu. Wenye bunduki wanafungwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni haimpi mtu ruhusa ya kufyatua kwenye kivuli.

Kabla sijaketi, najua litaulizwa la mbwa, kwa hiyo nilijibu mapema. Mfugeni, ni mlinzi mzuri na hubweka kabla mtu hajafika dirishani. Afungwe mahali ambapo mgeni anaweza kufika getini na kupiga hodi bila kung'atwa, na apelekwe kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Ofisa Mifugo wa kata yupo hapa, kiti cha tatu kutoka kushoto, na atawatajia ratiba.